Bendi ya kusindikiza ilinishika kuliko ile niliyoifuata. Je, nilidanganyika?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nilikwenda kwenye onyesho la bendi ya roki ninayoipenda tangu nikiwa shuleni. Niliwahi kufika, nikapata nafasi mbele kabisa, karibu na jukwaa. Kwanza ikapanda bendi ya kusindikiza ambayo hata jina lake sikuwahi kulisikia. Nyimbo mbili za mwanzo sikuambulia kitu, makelele matupu, maneno hayasikiki. Wimbo wa tatu mambo yakaanza kunyooka, na ule wa mwisho ulinifanya nisahau nimemfuata nani. Kesho yake nikawatafuta kwenye simu, nikasikiliza, nikaona ni wa kawaida tu. Rafiki zangu wananicheka. Wanasema bendi za kusindikiza huwekwa kupasha watu moto, na kwamba mimi nilizidiwa na ukubwa wa sauti. Je, nilidanganyika? Na nikitaka kuzifurahia bendi za namna hii, niwe nazisikiliza kabla ya kwenda au niende hivyo hivyo? Halafu masikio yalinivuma hadi mchana wa siku ya pili, ila nadhani hilo ni la kawaida."

Ndugu yangu, hukudanganyika. Nakujibu hilo mapema kwa sababu naona kicheko cha rafiki zako kimekuuma kuliko ulivyoandika. Unachotaka kujua ni kama ile raha ilikuwa yako au ilikuwa ya spika, na kwa nini iliyeyuka ulipofungua simu asubuhi. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya meza ya mitambo ya sauti, na mara nyingi nakaa pale kwa ajili ya hao hao wanaopanda kwanza. Nitakueleza kilichokuwa kikiendelea usiku ule upande ambao watazamaji hawauoni.

Tuanze na hili la kupasha watu moto. Wengi huamini kwamba bendi ya kusindikiza huchaguliwa kwa udhaifu wake ili isimfunike mwenye shughuli. Sivyo inavyokwenda. Mara nyingine wenye onyesho huwaita wenyewe kwa kuwapenda. Mara nyingine bendi zote mbili ziko chini ya meneja mmoja au kampuni moja ya kurekodi. Mara nyingine mwandaaji huongeza jina fulani ili tiketi ziuzike. Zipo hata ziara ambazo bendi changa, au kampuni yake, hulipa fedha ipewe nafasi hiyo. Led Zeppelin walipopiga Marekani kwa mara ya kwanza, mjini Denver tarehe 26 Desemba 1968, walipanda kabla ya Vanilla Fudge. Queen walizunguka Uingereza mwaka 1973 wakiwasindikiza Mott the Hoople. Radiohead walikuwa wakiwafungulia R.E.M. mwaka 1995. Wote watatu walikuja kuwa bendi kubwa za roki, na hakuna kati yao aliyewekwa pale kwa kuwa hajui kazi.

Kinachowaponza wasindikizaji ni kwamba ukumbi haukuwafuata wao, na ukumbi wa namna hiyo si hakimu mzuri. Julai 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix alisafiri Marekani akiifungulia bendi ya pop ya The Monkees. Wenyewe The Monkees walimhusudu, lakini mashabiki wao, wengi wao wasichana wadogo, walimpigia kelele wakiwataka vipenzi vyao, naye akajitoa baada ya maonyesho machache. Oktoba 1981, kwenye uwanja wa Memorial Coliseum wa Los Angeles, Prince alirushiwa vitu na watu waliokuja kuwaona The Rolling Stones hadi akashuka jukwaani. Kwa hiyo wakikuambia "umati wote ulikuwa unapiga soga, wewe tu ndiye uliyeshikwa", umati huo usikutishe.

Sasa nyimbo zako mbili za makelele. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo bendi nyingi nzuri zinapohukumiwa kwa kosa lisilo lao.

Siku ya onyesho bendi kuu hujaribu mitambo kwanza, mchana, na huchukua muda inaoutaka. Ikimaliza, vyombo vyake haviguswi. Drams zinabaki zimefunikwa kitambaa palepale zilipo, amplifaya zinabaki nyuma. Bendi ya kusindikiza hupanga vyombo vyake mbele ya hivyo, kwenye ukanda mwembamba uliosalia, na hutumia muda uliobaki kabla milango haijafunguliwa. Bendi kuu ikichelewa kufika, muda unaoliwa ni huo wa wasindikizaji. Mara nyingi sana kinachobaki ni kukagua waya mmoja mmoja: gonga ngoma hii, inasikika, sema neno kwenye maikrofoni, inasikika, haya shukeni, watu wanaingia.

Maana yake ni kwamba fundi anaanza kupanga uwiano wa sauti wakati wimbo wa kwanza unapigwa mbele yako. Mimi katika wimbo wa kwanza huwa natafuta sauti ya mwimbaji na ngoma ya mguu, basi. Wimbo wa pili naitenganisha besi na magitaa ili visilaliane. Kufika wa tatu ndipo nasikia kitu kinachofanana na bendi yenyewe. Na hapo ni iwapo nawafahamu tayari. Bendi nyingi changa hazina fundi wao. Hukabidhiwa fundi wa ukumbi, ambaye huenda hajasikia hata wimbo wao mmoja na hajui kwamba gitaa la pili ndilo linalobeba melodi. Usishangae likiwa limezama nusu ya onyesho.

Juu ya hayo, ukumbi wenyewe unakuwa mtupu. Miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti, hasa ile ya kati na ya juu. Ukumbi uliojaa robo hurudisha mwangwi ambao ukumbi uliojaa pomoni haurudishi, na katika mwangwi huo konsonanti za mwimbaji ndizo zinazokufa kwanza: unasikia kwamba anaimba, husikii anaimba nini. Watu wanavyozidi kuingia ukumbi unatulia. Huenda ulihisi bendi imeamka katika wimbo wa tatu, kumbe ni pale nyuma yako palikuwa pamejaa.

Na nafasi yako ya mbele nayo ilichangia. Mtu aliyesimama chini ya jukwaa hupokea drams na amplifaya za magitaa moja kwa moja kutoka vyombo vyenyewe. Sauti ya mwimbaji haina njia hiyo. Inatoka kwenye spika kubwa za pembeni, ambazo zimeelekezwa katikati ya ukumbi na kupita juu ya kichwa chako, na zile ndogo zilizo jukwaani zimemgeukia yeye mwimbaji. Kumbi nyingine huweka spika ndogo ukingoni mwa jukwaa kuwasaidia watu wa mbele, nyingine haziweki. Pale mbele ni nafasi tamu kwa macho na mbaya kwa maneno. Ukitaka kuisikia bendi usiyoijua jinsi inavyokusudia kusikika, simama karibu na meza ya mitambo, hatua chache mbele yake. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake, na masikio yake yako pale. Ukisharidhika, sogea mbele ukawaone nyuso.

Tuje kwenye shutuma ya rafiki zako kwamba ulizidiwa na ukubwa wa sauti. Wana ukweli kiasi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii milio yote kwa usawa, na kwamba sauti inapopungua, mlio wa chini ndio unaopotea haraka zaidi. Wimbo uleule ukiongezewa sauti huwa mnene, wenye besi, na tunausikia kuwa bora. Kuna na mwili pia. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada walichapisha jaribio walilolifanya katika onyesho halisi la muziki wa kielektroniki: walikuwa wakiwasha na kuzima spika za mitetemo ya chini mno, ambayo mtu hawezi kuitambua kwa masikio, na wakakuta watu wanacheza kwa karibu asilimia 12 zaidi zinapowaka, bila wenyewe kujua. Kwa hiyo ndiyo, sauti kubwa hufanya kazi yake kifuani na miguuni.

Lakini angalia ulivyoandika mwenyewe. Sauti ilikuwa kubwa vilevile katika wimbo wa kwanza na wa pili, na hukushikwa. Bendi kuu ilipopanda bila shaka ilikuwa na sauti nene zaidi na taa zote, maana hivyo ndivyo nafasi zinavyogawanywa, na bado unayeniandikia habari zake ni yule wa kwanza. Kama ingekuwa ni sauti tu, ungeshikwa na wote, tena wa pili zaidi. Kuna kitu kilichokuwa kwenye nyimbo zile, au kwenye namna walivyozipiga, ambacho spika peke yake haiwezi kukitoa.

Nadhani najua sehemu yake. Raha ya muziki kwa kiasi kikubwa inatokana na kubashiri: sikio linakisia kinachofuata, linapatia, kisha linashtuliwa kidogo. Bendi unayoijua unaibashiri kwa sababu umekariri. Bendi ngeni haikupi nafasi hiyo mpaka uizoee lugha yake, jinsi mpiga drams anavyofunga mstari, jinsi gitaa linavyokawia kabla ya kiitikio. Nyimbo mbili tatu zinatosha kwa msikilizaji makini. Mwaka 2013 Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, na wenzao, walichapisha utafiti ambao watu walisikilizishwa vipande vya nyimbo wasizozijua huku ubongo wao ukipigwa picha, na wangeweza kutoa fedha zao wenyewe kununua wimbo walioupenda. Kadiri sehemu ya ubongo inayohusika na zawadi ilivyoamka, na ilivyoshirikiana na sehemu zinazochakata sauti, ndivyo mtu alivyokuwa tayari kutoa fedha nyingi zaidi. Kuupenda wimbo mgeni papo hapo ni jambo halisi kabisa kichwani, halihitaji miaka ya mazoea kulihalalisha.

Vipi basi kuhusu ile simu ya asubuhi? Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuutoa mlio huo, na kwa sauti ya chini ya chumbani sikio lako nalo linapunguza kilichosalia. Ulisikiliza nusu ya bendi. Tena masikio yako yalikuwa bado yanavuma, kwa maelezo yako mwenyewe, na sikio lililochoka halisikii vizuri milio ya juu. Sijui saa mbaya zaidi ya kupima rekodi. Halafu kuna jambo la kibinadamu tu: albamu ya bendi changa mara nyingi ilirekodiwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo, na nyimbo ulizozisikia jukwaani zimeshapigwa usiku mwingi tangu hapo. Zimekomaa, rekodi imebaki ilipo.

Ningekuomba uwarudie. Tumia hedifoni nzuri, sauti ya wastani, masikio yakiwa yamepumzika, na uanze na ule wimbo wa mwisho unaoukumbuka. Sikiliza, acha siku moja, rudia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kukifanya kipendeze zaidi, hata kama hakuna kingine kilichobadilika. Upe wimbo ule nafasi hiyo uliyowapa bendi yako ya shuleni kwa miaka. Ukifanya hivyo kwa wiki moja na bado rekodi haikuambii kitu, basi hiyo ni bendi ya jukwaani. Zipo, na si aibu. Wafuate jukwaani.

Kuhusu kusikiliza kabla ya kwenda, nitakuwa mkweli kwamba kila njia ina bei yake. Ukisikiliza kabla, utaingia ukiwa na kitu cha kushika, hutapotea katika zile nyimbo mbili za mwanzo zenye sauti mbovu, na maneno utayafuata hata yakimezwa. Hasara ni kwamba mshtuko wa kukutana na kitu usichokitarajia hutokea mara moja tu, na utakuwa umeutumia kwenye simu, mahali ambapo bendi inasikika vibaya kuliko popote. Wengi husikiliza sekunde chache za wimbo mmoja, wanasema "si wangu", na wanapanga kufika bendi kuu ikipanda. Huo ndio usikilizaji wa kabla ninaouchukia. Mimi binafsi naenda hivyo hivyo. Ila kama bendi inasifika kwa maneno yake, au inaimba kwa lugha usiyoizoea, sikiliza wimbo mmoja au miwili siku moja kabla, mzima mzima, kisha acha. Usimalize albamu.

Ukiwa ukumbini, wape nyimbo tatu kabla ya kutoa hukumu, sababu nimeshakueleza. Kama makelele yanakuzidi, chagua mtu mmoja jukwaani na umfuate yeye tu wimbo mzima. Ningeanza na mpiga drams, au mpiga besi. Muziki wa roki unaoonekana kama ukuta mmoja hufunguka haraka ukishikilia uzi mmoja ndani yake. Na simu ibaki mfukoni, maana huwezi kuusikiliza wimbo usioujua huku unahangaika kuupiga picha.

Siyo kila bendi ya kusindikiza itakushika. Nyingine hazijaiva, nyingine zimewekwa na mtu ambaye hakufikiria kama zinaendana na wenye onyesho. Ukiwapa nyimbo tatu na huoni kitu, toka ukapumzike bila lawama, mradi usiwazomee.

Wakikushika, wajulishe. Malipo ya wasindikizaji kwa kawaida ni madogo, na nusu saa au dakika arobaini walizopewa hazitoshi hata kutaja jina lao mara mbili. Meza ya kuuzia fulana na albamu ndiyo inayowasafirisha hadi mji unaofuata, na mara nyingi wanaouza pale ni wao wenyewe, jasho halijakauka. Nunua kitu kama unacho cha kununulia. Kama huna, nenda useme wimbo gani ulikugusa. Mwanamuziki aliyetoka kupiga mbele ya watu waliompa mgongo analihitaji neno hilo kuliko unavyodhani. Kisha uliza lini wanapiga onyesho lao wenyewe. Huko watakuwa na muda wa kujaribu mitambo na jukwaa zima, na watu wanaozijua nyimbo. Ndipo utajua kwa hakika ulichokisikia.

Nimebakiza masikio. Umeyataja mwishoni kama jambo dogo, na mimi nisingeliita dogo. Kuvuma hadi mchana wa siku ya pili kunaonyesha kwamba chembe nyororo za ndani ya sikio zilipigwa kupita uwezo wake. Mara hii zinaonekana zimepata nafuu. Zikipigwa hivyo mara kwa mara baadhi hufa, na zikifa hazioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inashauri mtu asizidi saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ugawanywe nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 zinakupa robo saa, na maonyesho mengi ya roki hufika hapo au kuzidi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, limeweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kinachopimwa kwa dakika 15. Wewe ulisimama mbele kwa bendi mbili mfululizo.

Usikwepe bendi ya kwanza ili kuokoa masikio. Nunua vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, vyenye kichujio, ambavyo hupunguza milio yote kwa karibu kiasi kimoja. Vile vya sponji vinakinga vizuri pia, ila hukata zaidi milio ya juu na kukuachia muziki uliofunikwa blanketi. Pamba haikingi chochote cha maana. Vivae kabla wimbo wa kwanza haujaanza, usisubiri sikio liume, na katikati ya bendi mbili toka nje ukakae kwenye ukimya.

Hapa ndipo maandishi yangu yanapofikia mwisho wa uwezo wake. Masikio yakivuma zaidi ya siku mbili, au ukiona watu wanaongea kama wako nyuma ya ukuta na hali haibadiliki, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo ukapimwe. Sikio moja likiziba ghafla usikie kidogo au usisikie kabisa, au ukipata kizunguzungu pamoja na kuvuma, nenda siku hiyo hiyo. Uziwi wa ghafla una dawa ambayo husaidia zaidi ikianzwa mapema, na wiki chache za kungoja zinaweza kuipoteza nafasi hiyo. Hata kama sasa huhisi kitu, kwa jinsi unavyopenda maonyesho ningekushauri upimwe usikivu mara moja ili uwe na kipimo cha kulinganishia baadaye. Na utakapokwenda kwenye onyesho lao wenyewe, vizibo vichukue huko pia: katika ukumbi mdogo drams ziko hatua chache tu kutoka ulipo, na hakuna fundi anayeweza kuzipunguza.